Nyasi zilipoachwa na maji: kisa cha mbuga ya magadi katika bonde la Owens, California

Katika orodha ya vipande vya uoto vya bonde la Owens, mashariki mwa California, kuna kipande kiitwacho Blackrock 94, kaskazini mwa mji mdogo wa Independence. Upimaji uliofanywa kati ya 1984 na 1987 ulikiandika kuwa mbuga ya magadi, yaani uwanda wa nyasi juu ya udongo wenye chumvi nyingi, na maji yako karibu chini ya uso wa ardhi. Miongo miwili na zaidi baadaye nyasi zilikuwa zimepungua na vichaka vimeingia kati yake. Kuanzia 2011 kaunti ya Inyo na idara ya maji na umeme ya Los Angeles, mji unaochukua maji ya bonde hili kwa mfereji, zilibishana rasmi juu ya chanzo: je, ni visima vya kuvuta maji, ni ukame, au ni moto wa porini uliokuwa ukizimwa kila unapowaka? Mwishowe walipatana, na sehemu ya mapatano ilikuwa kupunguza maji yanayovutwa kwa ajili ya kituo cha kuzalisha samaki kilicho jirani.

Tunakifuata kisa hiki kwa kuuliza kilichotokea ndani ya udongo, kina kwa kina, kwa sababu huko ndiko jibu lilipo. Mtu akihesabu mvua na kutazama rangi ya kijani kwa mbali, atapotea.

Jangwa linaloishi kwa maji ya mlimani

Bonde la Owens limebanwa na safu mbili. Magharibi ni Sierra Nevada yenye Mlima Whitney, mita 4,421; mashariki ni milima ya White na Inyo, na kilele cha White kinafika mita 4,344. Sakafu ya bonde iko kati ya mita 1,100 na 1,250 hivi juu ya usawa wa bahari. Mawingu kutoka Pasifiki humwaga karibu maji yote upande wa Sierra, na bondeni hufika milimita 125 hadi 150 tu kwa mwaka, nyingi majira ya baridi, wakati nyasi zimelala. Kwa kipimo cha mvua, hapa ni jangwa.

Sasa weka mvua hiyo kando ya matumizi. Vipimo vilivyofanywa bondeni katika miaka ya 1980 vilionyesha kwamba maji yanayorudi hewani kutoka kwenye udongo na mimea yalikuwa milimita 300 hivi kwa mwaka penye vichaka vichache, na zaidi ya milimita 1,000 kwenye mbuga ya nyasi nzito. Pengo kati ya 150 na 1,000 halizibwi na mvua. Hujazwa na theluji ya Sierra: inayeyuka, inashuka kwa vijito, inazama kwenye miteremko ya changarawe na mchanga iliyo chini ya mlima, kisha inasafiri chini ya ardhi hadi inapokutana na tabaka za udongo laini katikati ya bonde. Hapo haiwezi kupita upesi, kwa hiyo inapanda, na nyingine ilikuwa ikitokeza kama chemchemi. Maji hayo yakipanda na kukaushwa na jua kwa maelfu ya miaka, huacha chumvi na magadi juu. Ndiyo sababu nyasi na ukoko mweupe wa chumvi hukaa pamoja.

Wapaiute, wenyeji wa asili wa hapa, waliielewa tabia hii ya bonde kabla ya wafugaji wa kizungu kuingia miaka ya 1860. Walichimba mifereji wakaelekeza vijito kwenye uwanda ili mimea ya porini istawi, ikiwemo aina ya ndago yenye viazi vidogo vinavyolika, Cyperus esculentus. Mkulima wa Afrika Mashariki anayeng'oa ndago kila msimu atashangaa, lakini huko ilikuwa chakula kilichomwagiliwa kwa makusudi.

Nani anafika wapi kwa mizizi

Mbuga hii hushikiliwa na nyasi mbili. Ya kwanza ni Distichlis spicata, nyasi-chumvi, fupi na ngumu, inayosambaa kwa mashina yanayotambaa chini ya udongo. Majani yake yana tezi zinazotoa chumvi nje. Asubuhi utaiona imekaa juu ya jani kama punje. Ya pili ni Sporobolus airoides, nyasi ya mafungu, inayokua kwa mashada makubwa. Katikati yake hupatikana Juncus, mmea wa mahali penye unyevu, na mahali penye unyevu wa kutosha majira ya machipuko huchanua Sidalcea covillei, ua la waridi lisiloota popote duniani ila bonde hili. Anayelitafuta aende kati ya Aprili na Juni. Baadaye sehemu ya juu hunyauka, na mpimaji wa Agosti ataandika kwamba halipo.

Vichaka vinavyoingia ni viwili hasa. Ericameria nauseosa hutoa maua ya manjano mwisho wa kiangazi, na mbegu zake zenye manyoya hupeperushwa mbali. Atriplex torreyi ina majani ya kijivu na huvumilia chumvi vizuri. Vichaka vyote viwili hutumia maji ya chini ya ardhi kama nyasi, lakini hufika mbali zaidi. Katika hesabu za usimamizi wa bonde, mizizi ya nyasi huchukuliwa kuwa na kina cha mita 2, na ya vichaka mita 4.

Mita mbili hizo za tofauti ndizo kisa chote. Maji hayahitaji kufika kwenye mzizi wenyewe, kwani udongo huyanyonya kwenda juu kupitia vinyweleo vyake. Katika udongo laini wa tope na mchanga mwembamba hupanda mita moja hadi mbili. Katika mchanga mnene huenda yasipande hata nusu mita. Kwa hiyo mbuga iliyo juu ya udongo laini, maji yakiwa mita 2 au 2.5 chini, bado inakunywa. Yakishuka hadi mita 4, sehemu ya juu ya udongo inakatika na chanzo chake. Nyasi zinabaki na akiba iliyomo udongoni kisha mvua ya milimita 150, ilhali kichaka kando yake kinaendelea kunywa.

Nyasi hazifi mwaka huohuo, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Nyasi-chumvi hupunguza majani, hulala, hungoja. Shada la Sporobolus hufa kuanzia katikati, likabaki pete ya machipukizi pembeni. Mwaka wa mvua nzuri ukija, pengo lililofunguka kati ya mashada hujazwa na magugu ya mwaka mmoja kama Bassia hyssopifolia, na picha ya setilaiti huonyesha kijani. Kuanzia hapo mbuga imebadilika tabia, kwani inafuata mvua. Mbuga iliyounganika na maji yake haijali sana mwaka mkavu. Hiyo ndiyo alama ya afya tunayoiamini kuliko nyingine zote.

Mfereji wa kwanza, mfereji wa pili

Mfereji wa kwanza wa Los Angeles ulifunguliwa tarehe 5 Novemba 1913, baada ya mji huo kununua ardhi na haki za maji tangu 1905. Ulichukua maji ya mto, na Ziwa Owens, lenye eneo la kilomita za mraba 280 hivi, likakauka kufikia katikati ya miaka ya 1920. Balaa la vumbi la ziwa hilo linastahili makala yake peke yake. Kwa mbuga za magadi, pigo kubwa zaidi lilikuwa mfereji wa pili wa 1970, uliokuja pamoja na uvutaji mkubwa wa maji kutoka visimani. Chemchemi kubwa za Fish Springs na Blackrock zilikauka miaka ya mwanzo ya 1970. Maji ya Blackrock yalikuwa yakitoka yenyewe. Sasa huvutwa kwa pampu, hupitishwa kwenye mabwawa ya samaki, kisha huingia mferejini.

Kaunti ya Inyo ilifungua kesi 1972 kwa kutumia sheria ya mazingira ya California, na baada ya mvutano mrefu ukapatikana mkataba wa 1991. Ukame wa 1987 hadi 1992 ulianguka katikati ya mazungumzo hayo. Mwaka 1987 peke yake zilivutwa takriban mita za ujazo milioni 250, na karibu na visima maji ya chini yalishuka kwa mita kadhaa.

Mkataba umegawa uoto katika makundi matano, A hadi E. A ni mimea inayoishi kwa mvua tu. B ni vichaka vinavyotegemea maji ya chini. C ni mbuga ya nyasi, D ni mimea ya kando ya mto na vinamasi, na E ni ardhi inayomwagiliwa. Kipande hakitakiwi kushuka kutoka kundi la juu kwenda la chini, kama C kugeuka B. Ni mgawanyo mzuri kwa sababu unauliza mimea inakunywa wapi, na haukwami kwenye jina la mmea.

Visima vingi vimeunganishwa na vituo vya kupima unyevu wa udongo. Tarehe 1 Julai na 1 Oktoba hulinganishwa maji yaliyomo katika kina cha mizizi na maji ambayo mimea iliyopo inakadiriwa kuhitaji, makadirio yanayotokana na wingi wa majani. Yakipungua, pampu huzimwa, na hairuhusiwi kuwashwa mpaka udongo ujae hadi kiwango kilichohitajika wakati ilipozimwa.

Kanuni hiyo ina matundu mawili. Mvua kubwa ya majira ya baridi inaweza kulowesha udongo wa juu na kutimiza hesabu hata kama maji ya chini bado yako mita 5. Pampu zinawashwa, na muunganiko wa mbuga na maji yake haujarudi. Kisha kuna visima vilivyosamehewa, vikiwemo vya kituo cha samaki cha Blackrock. Jirani na kisima kisichozimika, kipimo cha unyevu kinaweza kueleza maafa bila kuyazuia.

Namna ya kupima kipande kinachobishaniwa

Kwanza kina cha maji. Bomba la plastiki la sentimita 5 hushushwa hadi mita 2 au 3 chini ya kiwango cha chini kabisa kinachotarajiwa. Sehemu ya mwisho huwa na mipasuko, huzungushiwa mchanga msafi, na juu huzibwa kwa bentonaiti, udongo unaovimba ukilowa, ili maji ya mvua yasiteremke kando ya bomba. Pima kutoka alama moja ya kudumu kwenye ukingo, kisha toa urefu wa bomba uliosimama juu ya ardhi. Makosa mengi ya nusu mita hutokea hapo: mmoja anautoa, mwingine anasahau. Linganisha Aprili na Aprili. Kiwango huwa juu mwanzo wa machipuko na hushuka kiangazi mimea inapokunywa, kwa hiyo kulinganisha Aprili ya mwaka mmoja na Septemba ya mwingine kutakupa mporomoko ambao haukutokea.

Pili mimea. Njia ya bonde hili ni kamba ya mita 50 na nukta kila nusu mita, nukta 100 kwa kamba. Kwenye kila nukta unaandika jani hai la kwanza linaloguswa, ni la spishi gani, au kama ni udongo mtupu. Kazi hii ifanywe katikati ya kiangazi, majani yamekamilika. Kamba moja haitoshi kwa kipande. Zinahitajika za kutosha, zilizowekwa kwa bahati nasibu, ili shada moja kubwa lisipotoshe wastani. Na andika nyasi za kudumu, vichaka na magugu ya mwaka katika safu tatu tofauti. Jumla peke yake ni mtego: kipande kilichopoteza nusu ya nyasi na kupata vichaka kwa kiasi hichohicho kitaonekana hakikubadilika.

Tatu udongo. Toboa kwa keekee ya mkono hadi mita 4, chukua sampuli kila sentimita 25, uandike mahali mchanga mnene unapoanza. Tabaka la mchanga mnene la sentimita 40 katikati ya mizizi na maji linaweza kukata upandaji wa maji hata kama kina kinaonekana salama. Vipande viwili vyenye maji mita 2.5 vinaweza kuwa kimoja kizima na kingine kinakufa kwa sababu hiyo tu.

Mwisho, na hapa ndipo ubishi wa aina ya Blackrock unapoweza kukatwa, tafuta vipande vya kulinganisha: udongo uleule, mvua ileile, malisho yaleyale, lakini mbali na visima. Ukame ulipiga kote bondeni. Kama ndio chanzo, vipande vya mbali vingepungua na kurudi kwa kiasi kilekile. Kama chanzo ni moto kukosekana, vichaka vingeongezeka hata pale maji hayakushuka. Hoja ya moto si ya kupuuza, kwani moto katika mbuga yenye udongo mbichi hurudisha nyuma vichaka na nyasi huchipuka upya kutoka chini. Lakini mbuga ambayo maji yake yameshuka ikichomwa, nyasi hazina nguvu ya kuchipua, na magugu hurithi.

Kurudisha maji hakutoshi

Zima pampu, theluji ije kwa wingi kama mwaka 2017, maji yatapanda. Vichaka havitaondoka kwa sababu hiyo. Vikishaota mizizi mirefu, maji yaliyopanda kidogo huvinufaisha navyo. Hufa pale tu maji yanapokaa karibu sana na uso kwa muda mrefu, mizizi ikakosa hewa. Atriplex torreyi hukauka hivyo kwenye maeneo yaliyofurika. Kwa hiyo njia ya kurudi haifanani na njia ya kuondoka: kushuka kwa mita moja na nusu kulikofukuza nyasi hakufutwi kwa kupandisha mita moja na nusu.

Kupandisha maji kwenye udongo wa magadi kuna hatari yake pia. Yakifika chini kidogo tu ya uso bila maji ya juu ya kusukuma chumvi, hupanda nayo na kuiacha juu, na miche michanga huungua. Wanaoijua Amboseli wana mfano jirani: migunga ya manjano ilipokufa kwa wingi, watafiti wa miaka ya 1970 waliilaumu chumvi iliyopandishwa na maji ya chini, ingawa kazi za baadaye ziliwapa tembo uzito mkubwa zaidi.

Mto wenyewe umetoa funzo hilohilo. Desemba 2006 maji yalirudishwa kwenye kilomita 100 hivi za mto Owens wa chini, mtiririko wa kawaida ukiwa mita za ujazo 1.1 kwa sekunde na wa msimu ukiruhusiwa kufika 5.7. Mafunjo na matete yalijaa mkondo, ndege wa majini wakarudi, lakini mierebi na mipopla mipya imekuwa michache. Mbegu za mipopla huishi wiki chache tu, zinataka tope tupu lenye unyevu, kisha maji yashuke polepole, sentimita mbili hadi tatu kwa siku, mzizi uweze kuyafuata. Mtiririko ulio sawa mwaka mzima hufaa matete, na matete hayaachi tope tupu.

Kwa mbuga, kazi ya kupanda ianze tu pale maji yamekaa karibu na uso kuliko kina cha mita 2.5, yakipimwa Aprili, kwa miaka miwili au mitatu mfululizo. Kupanda kabla ya hapo ni kuipa miche maji ya bomba hadi bajeti ikome. Nyasi-chumvi ipandwe kwa vipande vya mashina yake ya chini au miche ya kitalu, kwa sababu mbegu zake huota kwa shida. Ina mimea dume na jike, kwa hiyo chukua mashina kutoka sehemu nyingi za bonde hilohilo. Ukichukua mahali pamoja unaweza kupanda hekta nzima ya jinsia moja, isiyotoa mbegu. Sporobolus huota kwa mbegu, lakini ni ndogo sana: zifukiwe nusu sentimita hadi moja tu, hali ya hewa ikiwa imepata joto, na uso wa udongo usikauke mpaka zichipue. Ukoko wa chumvi ukiwa mzito, lowesha kwanza kwa maji mengi yapite chini. Kunyunyizia kidogokidogo huivuta chumvi juu.

Miche iwekwe kwa nafasi ya nusu mita hadi mita moja, imwagiliwe kwa nadra lakini kwa kina, ili mizizi iyafuate maji chini. Kila mche uzungushiwe wavu wa waya, kwa sababu sungura wa jangwani hawaachi jani bichi mwezi Julai. Ng'ombe wazuiwe hadi mashada yatoe mbegu angalau mara moja. Kagua pembezoni kila machipuko kwa ajili ya mimea vamizi miwili, gugu Lepidium latifolium na kichaka Tamarix. Lepidium ikikatwa kwa jembe kila kipande cha mzizi huwa mmea mpya, kwa hiyo jembe lisiikaribie; Tamarix ndogo ing'olewe pamoja na mzizi wake wote, kabla haijafikia maji.